Gia Moja kwa Mwili Mkubwa

Mazungumzo ya leo yanahusu baiskeli, na hasa swali moja ambalo huulizwa kwa aibu na kujibiwa kwa haraka: mtu mwenye mwili mkubwa, mtu wa kilo 100, 110 au hata 130, akitaka baiskeli ya kumpeleka kazini, sokoni au msikitini, anunue ipi? Majibu anayoyapata ni mawili. La kwanza ni kwamba aiache kabisa baiskeli, kwa kuwa itamvunjikia njiani. La pili linatoka kwa wale wanaojiona wameendelea kidogo: anunue ile ya kisasa yenye gia 18 au 21, kwa sababu gia nyingi zitamrahisishia, na ile nyeusi ya gia moja ni ya wazee na wabeba maji. Mimi nasema majibu yote mawili hayana msingi. Baiskeli nyeusi ya gia moja, yenye friwili na yenye breki nzuri, ndiyo inayomfaa zaidi mtu mzito kuliko nyingine nyingi zinazouzwa katika mji huu wa Mtwara, na yanayomkwamisha ni mambo madogo yanayorekebishika kwa fundi wa mtaani.

Tuanze na jambo ambalo kila anayekaa pembeni ya barabara za Mtwara analiona. Dumu moja la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mwenye kuuza maji akipanga madumu manne kwenye keria, mawili kila upande, amebeba kilo 80 za maji tupu, na bado yeye mwenyewe yupo juu ya siti. Gunia la mkaa, furushi la nazi, kapu la samaki lililofungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu, yote haya yanapita kila asubuhi. Sasa chukua abiria. Mwendeshaji wa kilo 60 akimpakia nyuma mtu wa kilo 70, na baiskeli yenyewe ikiwa na kilo kama 20, jumla ni kilo 150 ardhini. Hesabu haiishii hapo, kwa sababu abiria anakaa karibu kabisa juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo kilo zake zote 70 zinalielemea gurudumu la nyuma, na juu yake inaongezeka zaidi ya nusu ya uzito wa mwendeshaji na baiskeli. Gurudumu hilo moja linabeba kilo 115 au zaidi. Linganisha na mtu wa kilo 110 anayeendesha peke yake akiwa amekaa wima. Jumla yake pamoja na baiskeli ni kilo 130, na gurudumu la nyuma linachukua karibu theluthi mbili, yaani kilo 85 hivi. Hata mtu wa kilo 130 haliletei gurudumu hilo mzigo ule wa mwendeshaji na abiria wake wa kawaida. Anayemwambia mtu mnene kwamba baiskeli haiwezi kumbeba, huku akiiona baiskeli ileile imempakia baba, mama na ndoo ya dagaa, anasema jambo ambalo macho yake mwenyewe yanalikanusha.

Uwezo huo una sababu zake. Baiskeli tunayoiita ya kawaida, iwe Phoenix ya Shanghai, Avon au Hero za India, au Swala iliyokuwa ikitengenezwa Dar es Salaam, inatokana na umbo moja la Kiingereza, lile la Raleigh ya mji wa Nottingham, kampuni iliyoanzishwa katika miaka ya 1880. Umbo hilo limedumu kwa zaidi ya karne bila kubadilika sana: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, siti pana yenye springi. Na ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu. Gurudumu la mbele lina spoku 32, la nyuma lina spoku 40. Waliolichora walijua mzigo unaangukia wapi, wakalipa gurudumu la nyuma spoku nane za ziada. Baiskeli nyingi za gia zinazoingia leo, mpya na za mtumba, zina spoku 36 nyuma, na nyingine 32 au pungufu. Mtu mwepesi hataona tofauti. Mtu wa kilo 120 ataiona kabla mwaka haujaisha.

Spoku nayo inaeleweka vibaya. Watu hudhani spoku hubeba mzigo kama nguzo inavyobeba paa. Spoku ni waya mwembamba, ukiisukuma inapinda. Nguvu yake imo katika kuvutwa. Fundi anapozikaza zote, anaifanya ringi ivutwe kutoka pande zote kwa pamoja, na mzigo unapokuja, zile spoku za chini zinazoelekea ardhini hulegea kidogo, kisha gurudumu likizunguka hukazika tena. Kulegea na kukazika huko hutokea mara moja kwa kila mzunguko, maelfu ya mara kwa safari moja. Spoku iliyokazwa vizuri haifikii kulegea kabisa, na inadumu. Spoku iliyofungwa kizembe inalegea kabisa kila mzunguko, inacheza kwenye tundu lake, na chuma kinachopindwapindwa mahali pamoja mwishowe hukatika, hasa pale kwenye kona inapoingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Ndiyo maana mtu mzito akivunja spoku moja, fundi akamwekea moja mpya na kumwachia nyingine zilivyo, baada ya wiki mbili anavunja ya pili, na ya tatu. Lawama huangukia mwili wake, wakati kosa liko kwenye ukazaji wa gurudumu zima.

Sasa tuziangalie gia nyingi. Ili kuweka meno ya ngazi sita, saba au nane kwenye gurudumu la nyuma, lazima ipatikane nafasi upande wa kulia. Nafasi hiyo inapatikana kwa kuusogeza upande wa kulia wa habu kuelekea katikati. Matokeo yake spoku za kulia zinasimama karibu wima na kukazwa sana, na za kushoto zinalala na kubaki na mvuto mdogo, mara nyingine karibu nusu ya mvuto wa wenzao. Gurudumu limekuwa la upande mmoja, na zile za kushoto ndizo zinazolegea kwanza mzigo unapokuwa mkubwa. Kwenye gia moja habu imekaa katikati, pande mbili zinavuta karibu sawasawa, na gurudumu linasimama kama mtu aliyetanua miguu yote miwili. Kuna pia suala la ekseli. Katika habu nyingi za bei nafuu zenye friwili ya ngazi nyingi, gololi za upande wa kulia ziko ndani, nyuma ya ule mrundikano wa meno, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki hakina cha kukishikilia mpaka kwenye fremu. Mtu mzito akiruka shimo moja, ekseli inapinda. Mafundi wanalijua tatizo hili vizuri, ingawa mwenye baiskeli huambiwa tu kwamba ekseli ilikuwa feki. Inawezekana ilikuwa feki. Lakini hata ekseli nzuri ikiachwa bila shikizo kwa urefu ule itapinda.

Cheni nayo ina habari yake. Cheni ya gia moja ina upana wa ndani wa sehemu ya nane ya inchi, na inakwenda moja kwa moja kutoka mbele kwenda nyuma. Cheni ya gia nyingi ni nyembamba zaidi, inavutwa kwa mshazari kila unapobadilisha gia, na inapita kwenye kifaa cha kuihamishia chenye vigurudumu viwili vidogo vinavyoning'inia karibu na ardhi. Kwa miji ya lami safi na karakana kila kona, hilo si tatizo. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, na mchanga mwembamba wa pwani unapenya kila palipo na mafuta. Kifaa kile kinajaa mchanga, springi yake inashika kutu, na mtu mzito akisimama juu ya pedali cheni inaruka. Mtu wa kilo 120 aliyekanyaga kwa nguvu zake zote, cheni ikaruka ghafla, anaangukia fremu au barabara. Hilo ni jambo la usalama, na mimi nalipa uzito kuliko yote niliyosema kuhusu spoku.

Ushahidi wa nje ya Mtwara unaelekea hukohuko. Mwaka 1954 nchini Vietnam, katika vita vya Dien Bien Phu, maelfu ya baiskeli zilitumika kusafirisha chakula na risasi kupitia milima na misitu. Zilisukumwa kwa mkono, zikiwa zimeongezewa mianzi kwenye usukani, na kila moja ilibeba kilo zaidi ya 200. Zilikuwa baiskeli za kawaida zilizokazwa na kuimarishwa. Mfano wa pili ni wa michezo. Chris Hoy wa Uskoti, aliyepata medali 6 za dhahabu za Olimpiki kati ya mwaka 2004 na 2012, alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 90 na mapaja yenye nguvu isiyo ya kawaida. Baiskeli aliyoshindania katika uwanja wa mbio ilikuwa na gia moja tu. Kama mfumo wa gia moja ungekuwa dhaifu mbele ya mwili mzito na miguu yenye nguvu, ungevunjikia pale kwanza kuliko popote duniani. Mfano wa tatu nauona ni wa uzito zaidi, kwa sababu unahusu barabara kama zetu. Shirika la World Bicycle Relief lilianzishwa mwaka 2005, na mmoja wa waanzilishi wake, F.K. Day, ndiye pia mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni ya Chicago inayouza vifaa vya gia ulimwenguni kote. Mtu huyu, ambaye biashara yake ni gia, alipoamua kutengeneza baiskeli ya vijijini Afrika, ile inayoitwa Buffalo, inayotumika Zambia, Malawi, Zimbabwe na Kenya, aliitengeneza ya gia moja, yenye keria ya kubeba kilo 100 na breki ya kukanyaga nyuma. Hakukosa uwezo wa kuweka gia 21. Aliona hazifai.

Hapa najua baadhi ya wasikilizaji wanaojua mambo ya baiskeli wananingoja, na wana haki. Watasema: shirika hilohilo baadaye limetoa Buffalo ya gia mbili. Ni kweli, na sitaki kulificha. Lakini tazameni walivyoifanya. Hawakuweka kifaa cha kuhamishia cheni. Waliweka cheni mbili na friwili mbili, na mwendeshaji anabadilisha gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo. Waliona vilima vinahitaji gia nyepesi, wakaitafuta gia hiyo bila kuigusa ile njia nyoofu ya cheni. Kwa hiyo mfano huo haupingi hoja yangu, unaiwekea mpaka. Gia moja ina mwisho wake, na mwisho huo ni mlima.

Basi tuuzungumze mlima kwa haki. Mtu mzito akipanda, anainua kilo nyingi zaidi. Hakuna gia inayopunguza kazi hiyo. Gia nyepesi inaigawa tu, ili kila kanyago liwe dogo na makanyago yawe mengi. Anayeishi Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde pale Shimo la Mungu panapotazama bonde la mto Ruvuma, na anayetaka kushuka na kupanda kila siku, simshauri gia moja. Kama anaweza kupata habu yenye gia tatu ndani yake, zile za mtindo wa Sturmey-Archer uliokuwapo Nottingham tangu 1902, hizo zitamfaa, kwa kuwa meno yake ya nyuma ni duara moja na gurudumu linabaki karibu sawasawa pande zote. Ila vipuri vyake huvipati kwa kila fundi. Mtwara mjini ni habari nyingine. Mji huu ulipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940, bandari ilipojengwa kwa ajili ya mradi wa kikoloni wa karanga, na barabara zake ni pana na ardhi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare. Kutoka Rahaleo kwenda Shangani, Ligula au bandarini hakuna kilima cha kumshinda mtu. Hata safari ya Mikindani, kilomita kama 10, inavumilika kwa gia moja iliyochaguliwa vizuri.

Na hilo la kuchagua ndilo linalosahaulika kabisa. Gia moja haina maana ya gia ileile kwa kila mtu. Chukua baiskeli yenye meno 44 kwenye duara la mbele na friwili ya meno 18 nyuma. Kila pedali zinapozunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 2 na karibu nusu, na kwa tairi ya inchi 28 unakwenda mita 5 na nusu hivi. Ni mwendo mzuri kwa kijana mwepesi kwenye lami. Itoe friwili hiyo, uweke ya meno 22. Gurudumu sasa linazunguka mara 2 kamili, unakwenda mita 4 na nusu hivi, na nguvu unayohitaji kukanyaga inapungua kwa karibu asilimia 18. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mwenye kifaa cha kufungulia friwili, pamoja na kuongeza vipande vichache vya cheni. Mtu mnene aliyejaribu baiskeli ya jirani, akashindwa kuondoka kwenye makutano na kuhema mpaka akaona aibu, huenda alishindwa na meno manne tu. Atakwenda polepole zaidi, ndiyo. Atafika.

Pingamizi la mchanga linatolewa na watu wa vijiji vya Msimbati na Madimba, na wao wanajua wanachosema. Njia za kule zina mchanga mzito, na mtu mzito huzama haraka. Jibu langu ni fupi: gia haifukui mchanga. Kinachosaidia kwenye mchanga ni upana wa tairi na upepo uliopunguzwa kidogo, na kwenye mchanga mzito kweli kila mtu hushuka na kusukuma, mwenye gia 21 na mwenye moja. Wanaoishi huko waitafute fremu inayokubali tairi pana ya inchi 26, yenye upana wa inchi 2 na zaidi kidogo, badala ya ile nyembamba ya inchi 28. Wanaotembea kwenye lami wafanye kinyume, wajaze upepo wa kutosha. Tairi ya mtu wa kilo 110 ikijazwa upepo uleule wa mtu wa kilo 60, ringi inaing'ata tyubu kwenye kila shimo na kuitoboa matundu mawili sambamba, halafu inasemwa tena kwamba unene ndio uliopasua tairi. Kiwango cha juu cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Mtu mzito ajaze kukikaribia.

Ipo aina nyingine ya gia moja ambayo vijana wa miji mikubwa ya dunia wameipenda, na picha zake zimefika mpaka kwenye simu za vijana wetu: ile isiyo na friwili, ambayo pedali zimefungwa moja kwa moja na gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka; huwezi kupumzisha miguu, na wengine hutembea bila breki, wakisimamisha baiskeli kwa kuzuia pedali kwa miguu. Ndiyo aina aliyotumia Chris Hoy, lakini yeye alikuwa ndani ya uwanja usio na malori wala mbuzi. Kiufundi inabeba uzito vizuri sana, kwa sababu gurudumu lake limesimama katikati kuliko zote. Hata hivyo simshauri mtu mzito kuitumia barabarani, na hasa bila breki. Nguvu iliyomo kwenye kitu kinachokwenda inaongezeka pamoja na uzito wake. Mtu wa kilo 60 na baiskeli yake wana kilo 80. Mtu wa kilo 110 na baiskeli yake wana kilo 130. Kwa mwendo uleule, huyu wa pili ana nguvu ya mara 1.6 ya kuzuia. Akiizuia kwa magoti, anayapa magoti kazi ya breki, na kwenye mteremko pedali zitamzungusha miguu kwa kasi asiyoiweza. Friwili ni kipande kidogo cha chuma, lakini kwa mwili mkubwa ndicho kinachoruhusu miguu ipumzike wakati breki zinafanya kazi yao.

Na breki ndipo penye udhaifu wa kweli wa baiskeli yetu nyeusi. Nisingekuwa mkweli kama ningeipamba nikaacha hili. Breki za vyuma hubana mpira kwenye ringi ya chuma iliyopakwa nikeli au kromu, na ringi hiyo ikilowa maji mpira unateleza. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zinaponyesha, mtu wa kilo 120 aliyezoea kusimama kwa hatua chache atajikuta ameipita alama ya kusimama. Anayenunua mpya na uwezo ukimruhusu, achague yenye breki ya ndani ya habu, ama ya kukanyaga nyuma ama ya ngoma, kwa kuwa hiyo haiguswi na maji ya ringi. Mwenye ile ya zamani abadilishe mipira kila inapokuwa migumu, akaze pini zinazounganisha vyuma, na wakati wa mvua aguse breki mapema ili aikaushe ringi kabla ya kuihitaji. Na mtu mzito asipakie abiria. Uzito wake mwenyewe umekwisha kuchukua nafasi ya abiria.

Pengine wasikilizaji wanauliza kwa nini nashughulika hivi na watu wanene na baiskeli, wakati bodaboda ziko kila kona. Nashughulika kwa sababu ya afya, na kwa sababu ya heshima. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Hao ni zaidi ya mmoja kati ya wanne. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mtu mzito akiambiwa akimbie, magoti yanamkatalia. Watafiti walioweka vipimo ndani ya magoti bandia ya wagonjwa waliona kwamba kutembea peke yake hulielemeza goti kwa zaidi ya mara 2 ya uzito wa mwili, ilhali kuendesha baiskeli kwa nguvu ya wastani huelemea karibu na uzito wa mwili mara moja tu, kwa kuwa siti imechukua sehemu kubwa. Kwa mtu wa kilo 110, tofauti hiyo ni zaidi ya kilo 100 katika kila hatua. Nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa taratibu wa kilomita 12 kwa saa, ni kilomita 6 kwa siku: kwenda kazini na kurudi kwa wakazi wengi wa mji huu. Siti iinuliwe mpaka mguu unyooke kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa. Wengi huendesha siti ikiwa chini mno, magoti yakijikunja mpaka kifuani, kisha husema baiskeli inaumiza magoti.

Mwanamke mnene ana kikwazo kingine, na si cha chuma. Anachekwa. Anaambiwa baiskeli inalia, tairi inaomba msaada. Nasema wazi kwamba maneno hayo yanawanyima watu dawa isiyo na gharama, na wanaoyasema hawana hoja hata ya kifundi, kama tulivyohesabu hapo mwanzo. Kwake yeye fremu ya kike, ile yenye bomba lililoshuka chini, ni bora: anapanda bila kunyanyua mguu juu ya siti, na akitaka kusimama haraka anashuka kwa urahisi. Fremu hiyo hujipinda zaidi kidogo kuliko ya kiume, kwa hiyo achague ile yenye mabomba mawili yanayoteremka sambamba, na aiepuke yenye bomba moja jembamba. Na kanga au baibui vifungwe vizuri mbali na spoku. Wenye kupenda usalama wao huweka wavu pembeni mwa gurudumu la nyuma, na cheni huifunika kwa kasha lake lote.

Nimalize kwa maombi yanayowahusu watu wawili. Wa kwanza ni mfanyabiashara. Watengenezaji wengi wa Ulaya huandika katika kitabu cha baiskeli kikomo cha uzito, mara nyingi kilo 120 hivi, ukijumlisha mtu, mzigo na baiskeli yenyewe. Mtumba unapofika kwetu, kitabu kimekwisha kupotea, na mnunuzi wa kilo 115 anauziwa baiskeli ambayo aliyeitengeneza hakuikusudia kwa mwili wake. Muuzaji amwulize mteja uzito wake bila kumdhihaki, amweleze ukweli, na dukani kwake ziwepo ringi za tundu 40, spoku nene, na friwili za meno 20 na 22, si 18 peke yake. Wa pili ni fundi wa Rahaleo, mwenye sanduku lake la spana chini ya mwembe. Fundi wangu, akija kwako mtu mzito na gurudumu jipya, usimwachie aondoke nalo lilivyotoka dukani. Likaze upya lote, uzibane spoku mbili mbili kwa mkono mpaka zitulie, ulinyooshe, kisha umwambie arudi baada ya wiki mbili ulikaze tena. Gurudumu lililokazwa hivyo lenye spoku 40 litambeba mtu wa kilo 120 kwa miaka, kama linavyombeba muuza maji kila siku mbele ya mwembe wako.